Watu wa Kasri

Mshenga alipokuja mara ya pili, baba yangu mkubwa hakumwacha amalize kikombe cha kahawa. Alimsikiliza hadi mwisho, akamshukuru kwa kujisumbua na jua lile, kisha akarudia maneno ya mara ya kwanza, neno kwa neno.

"Kijana wenu sina neno naye. Ana dini, ana kazi ya mikono yake. Lakini ndoa ina kufu yake, lazima watu walingane kwa nasaba, mzee mwenzangu. Sie ni watu wa kasri."

Mimi na binti yake tulikuwa jikoni, dirisha la uani liko wazi, tukisikia kila kitu. Huyu binti ni mdogo wangu. Baba yake na marehemu baba yangu ni ndugu wa tumbo moja. Alikuwa na miaka thelathini na moja, muuguzi, mtu anayeweza kumchoma mtoto sindano na mtoto asilie. Siku ile kisu cha vitunguu kilimgandia mkononi. Kijana aliyemposa alikuwa fundi wa mafriji mwenye kibanda chake Manzese, Mndengereko, wazee wake wametoka Rufiji. Walikuwa wamesubiriana miaka minne.

Tulimsikia mshenga akivaa viatu. Geti likafungwa taratibu, namna anavyolifunga mtu aliyedharauliwa na hataki kuonekana amekasirika.

"Akikataa tena naenda kwa kadhi," mdogo wangu alisema. "Kadhi aniozeshe. Nifanyeje, dada?"

Nilimwambia asubiri. Nilijua kwamba akienda kwa kadhi na baba yake yu hai, ana akili zake timamu, nyumba yenyewe ipo hapahapa Temeke, hawatasemeshana tena mpaka mmoja amzike mwenzake.

Maneno hayo ya "watu wa kasri" nimeyasikia tangu sijang'oa meno ya utoto. Babu yetu, baba wa baba zetu, aliingia Dar es Salaam akiwa kijana wa miaka ishirini hivi, wakati wa vita vikuu vya pili, njaa ilipowafukuza watu Hadhramaut, kusini ya Arabuni. Watu wa huko hapa tunawaita Washihiri. Wengi walianza kwa kutembeza kahawa, wakapanda hadi kwenye vibanda na maduka. Babu naye mwishowe alifungua duka Manzese, kando ya Barabara ya Morogoro, akauza mchele, sukari na mafuta ya taa, na humo dukani ndimo alimotusimulia ufalme wake.

Ulikuwa ufalme mdogo. Mji wa Seiyun, ndani ya bonde refu lililobanwa na jangwa pande zote, pamoja na miji michache ya jirani na makabila yaliyomtii sultani siku yalipopenda. Sultani alikaa katika kasri jeupe la udongo, ghorofa juu ya ghorofa, lenye minara ya duara kwenye pembe. Babu alituambia malango yalifungwa wakati gani, ngoma ilipigwa wapi, na sultani alipokwenda kuswali Ijumaa nani alitangulia na nani alifuata nyuma. Alijua kila mlango na mwelekeo unaofungukia. Kisha ufalme ule ukaanguka. Waingereza walikuwa wanafungasha kuondoka Aden, wanamapinduzi wakauchukua mji sultani akiwa safarini, na alipotaka kurudi hakuruhusiwa kushuka melini. Babu alizisikia habari hizo redioni. Baba mkubwa anasema ndiyo siku pekee aliyomwona akifunga duka mchana. Alikaa ndani, na hakuna aliyejua kama ni huzuni au ni nini.

Jambo moja babu hakulisema kamwe: yeye mwenyewe alikuwa nani ndani ya kasri hilo. Jina letu la ukoo ni lilelile la masultani wa kule, kwa hiyo baba mkubwa aliliziba pengo hilo kwa cheo. Alisema babu alikuwa katibu wa sultani. Babu alikuwa mweusi, tukaambiwa ni jua la jangwani. Na weusi wetu sie wajukuu tulimsingizia bibi, ambaye alikuwa Mzaramo wa Pugu. Mie ni mwalimu wa historia wa sekondari, nimesoma Khartoum miaka minne, Kiarabu nakisema, na katika maisha yangu yote sikuwahi kuuliza hata swali moja la historia nyumbani kwetu.

Wiki chache baada ya mshenga kurudishwa, kijana mmoja wa msikiti wetu aliyekwenda kusoma dini Tarim, mji jirani na Seiyun, alirudi na namba ya simu. Alikutana na mzee huko, mtoto wa ndugu yake babu. Mzee huyo alifanya kazi kwenye kasri lenyewe maisha yake yote, sasa amestaafu, na alikuwa na haja moja kabla hajafa: kusoma Fatiha kwenye kaburi la ami yake, babu yetu.

Baba mkubwa aliposikia "amefanya kazi kwenye kasri" hakutulia tena. Nilimpigia mzee yule simu, nikatafsiri huku na huku, na katika miezi miwili tiketi ilipatikana, kupitia Cairo. Wakati tunasubiri, baba mkubwa alipanga baraza. Aliwaalika wazee wawili Washihiri wenye maduka Kariakoo, watu ambao heshima yao aliitaka kuliko kitu chochote. Halafu akamwalika mshenga.

"Mshenga wa nini, baba mkubwa?" niliuliza.

"Aje aisikie historia yetu kwa mwenyewe. Akitoka hapo atawaambia wenzake, na wataacha kuja kugonga geti langu."

Siku ya ndege tulikwenda uwanjani Kipawa wawili, yeye na mie. Alivaa kanzu mpya, amejifukiza udi mpaka gari zima linanukia harusi. Watu walianza kutoka: wafanyabiashara na mabegi yao, familia ya Wahindi, vijana wa Kichina. Baba mkubwa aliwatazama wazee weupe wote wenye ndevu, kila mmoja akijiandaa kumkumbatia.

Kisha akatoka mzee mrefu, mwembamba, amejifunga kikoi cha mirabamiraba na kilemba, mkononi amebeba dumu la asali lililofungwa kwa plastiki. Alikuwa mweusi. Mweusi kuliko mshenga, kuliko bibi wa Pugu, kuliko mtu yeyote wa ukoo wetu. Na alikuwa na uso wa babu. Masikio ni yale, mwanya ni ule, hata namna ya kusimama, uzito wote kwenye mguu mmoja.

Alitujua mara moja. Akaja moja kwa moja kwa baba mkubwa akasema, "Ibn ammi," mtoto wa ami yangu, akamkumbatia akalia. Mikono ya baba mkubwa ilibaki pembeni. Iliinuka baadaye sana, ikampigapiga mgongoni mara mbili.

Ndani ya gari baba mkubwa aliendesha mpaka tukapita taa za kwanza. Halafu akasema, macho barabarani, "Muulize baba yake alikuwa na kazi gani."

Nikauliza. Mzee alijibu kwa urahisi, kama mtu anayetaja mtaa anaokaa. Baba yake alikuwa askari wa sultani, mtumwa wa sultani, na babu yangu vilevile. Walisimama zamu kwenye mlango mmoja.

"Kasemaje?"

"Amechoka," nikasema. "Anasema tutazungumza akishapumzika."

Baba mkubwa alinitazama kwenye kioo kwa muda mrefu kuliko inavyofaa mtu anayeendesha. Tulipofika Temeke hakukata kona ya kwake. Alisema nyumba yake ina mafundi, mgeni akae kwangu. Mafundi hawakuwepo.

Ami, ndivyo nilivyoanza kumwita, alikaa kwangu siku mbili kabla ya baraza. Asubuhi aliamka mapema, akakaa barazani, akasikiliza redio ya jirani, na kila alipokamata neno la Kiarabu ndani ya Kiswahili chetu alilirudia kwa furaha: habari, dunia, wakati, safari. Nilimletea chai na maandazi. Bila kuombwa alinisimulia ufalme wa Seiyun kutoka upande ambao babu hakutuonyesha.

Masultani wale, alisema, hawakuyaamini makabila, kwa hiyo walijizungushia watumwa wenye bunduki, watu waliotoka Afrika au waliozaliwa humohumo kasrini kwa wazazi kama hao. Walilishwa na sultani, walivishwa na sultani, walibeba jina la sultani kwa sababu jina lingine hawakuwa nalo. Watu wa mji waliwaogopa.

"Walituogopa mchana kutwa," alisema, "lakini hakuna aliyetupa binti yake."

Njaa ilipokuja, ghala la sultani nalo likapungua, na babu yangu akatoroka na msafara wa kwenda pwani, akapanda chombo. Ndugu yake alibaki. Ufalme ulipoanguka ami alikuwa mtoto anayejitambua. Walinzi waliambiwa waweke bunduki chini. Baba yake alirudi nyumbani mikono mitupu, akalala siku mbili.

"Mlifurahi?" nilimuuliza.

Alifikiri. "Njaa haikuondoka. Lakini dada yangu aliingia shule. Na baba alianza kukaa safu ya mbele msikitini, ingawa mwanzoni alikaa kama mtu aliyekalia mwiba."

Baadaye kasri lilifanywa makumbusho, na ami akaajiriwa kuwatembeza wageni. "Baba yangu alisimama kwenye mlango ule na bunduki," alisema. "Mie nimesimama hapohapo na vishina vya tiketi, miaka thelathini."

Kisha, akikoroga chai, aliniuliza kitu alichosema amewauliza mabaharia na wasomi na hakupata jibu. Bibi yao, mama mzazi wa baba yake na wa babu yangu, aliletwa akiwa msichana mdogo. Mpaka anakufa alikuwa akisema ametoka mahali panapoitwa Mirima. "Wewe mwalimu, Mirima ni wapi?"

Nilikuwa nimeshika birika. Niliiweka chini. Mrima ni pwani hii yetu ya bara, inayotazamana na Unguja, na Dar es Salaam imekaa katikati yake.

"Ami," nikamwambia, "umeikalia."

Hakuelewa mara moja. Alipoelewa aliinama akaitazama sakafu ya saruji, akavua viatu, akashuka ngazi, akasimama kwenye mchanga wa uani kwangu, mbele ya kamba ya nguo. Alisimama pale muda mrefu. Sikumfuata.

Jioni ya siku hiyo baba mkubwa alikuja. Ami alikuwa msikitini. Nilimwamkia, akaitikia, lakini hakutaka kukaa.

"Kesho atasema nini?"

"Atasema aliyoyaona."

"Utasema katibu," alisema. "Mie sikuombi hotuba. Neno moja tu. Wale wazee Kiarabu chao ni cha sala na salamu, hawatajua."

"Baba mkubwa, kumbe ulijua?"

Nilidhani atanifokea. Badala yake alishika nguzo ya baraza, akaanza kuongea na ile nguzo. Alipokuwa kijana alimpenda binti wa Mshihiri mmoja wa Kariakoo, na binti alimpenda. Babu alikataa kwenda kuposa, akisema tu, "Tafuta kwingine." Yeye akaenda kwa kiburi chake, na mshenga wake. Baba wa binti hakumjibu siku hiyo. Aliandika barua Hadhramaut kuuliza. Jibu lilipokuja, aliitwa mbele ya wanaume wanane, akasomewa neno moja. Abidi. Watumwa wa sultani. Wakacheka. Mmoja alimwambia apitie mlango wa nyuma.

"Nilirudi Manzese kwa miguu," alisema. "Nikamuuliza baba. Hakukana, hakukubali. Alipima sukari ya mteja, akafunga kifurushi, akapima nyingine. Sijamwambia mtu, hata mama wa binti yangu. Nilitumaini huyu mgeni angekuja kuifuta barua ile. Na wewe hukusikia."

"Na huyu mwanao? Unamfanyia yaleyale."

"Ndiyo maana!" Sauti yake ilipanda, akaishusha. "Ndiyo maana. Wakijua, nani atamheshimu? Hata hao wa Rufiji watamcheka."

Nilikuwa na hoja kumi. Lakini nilimwona mzee wa miaka sabini na kitu amekumbatia nguzo ya nyumba yangu, na huruma ikanizidi akili. Nikasema, "Sawa." Mdogo wangu sikumwambia chochote. Usingizi ulinipaa.

Baraza lilikaa Jumamosi baada ya alasiri, sebuleni kwa baba mkubwa. Ukutani kulikuwa na picha ya kasri aliyoikata kwenye kalenda na kuitia fremu. Wazee wawili wa Kariakoo walikaa kwenye kochi kubwa, mshenga kwenye kiti cha plastiki karibu na mlango. Ami aliingia nyuma yangu, na nikaona macho ya wale wazee yakimpanda na kumshuka. Mmoja alimtazama mwenzake. Baba mkubwa alianza kuongea haraka haraka, akieleza jua la jangwani lilivyo kali.

Ami alipopewa nafasi alisimulia vizuri. Aliwatembeza ndani ya kasri kama wageni wake wa makumbusho: ukumbi wa kupokelea wajumbe, chumba chenye milango ya kuchongwa, kisima, jela chini kabisa. Nilitafsiri kila neno kwa uaminifu, na wazee walianza kulainika, wakauliza hili na lile. Mdogo wangu aliingia na sinia la kahawa na haluwa. Alipomfikia mshenga aliinama zaidi kuliko alivyoinama kwa wengine. Baba yake aliona.

Halafu mzee mmoja wa Kariakoo akaweka kikombe chini. "Maneno matamu haya. Sasa atuambie, huyu marehemu wetu wa Manzese, mle ndani alikuwa na kazi gani?"

Nilimgeukia ami nikamuuliza. Alinijibu kwa sentensi moja, kwa sauti ileile ya kutaja mtaa. Chumba chote kikanitazama. Baba mkubwa hakunitazama. Alikuwa anatazama mikono yake.

"Anasema," nikaanza, "marehemu alikuwa katibu wa sultani."

Lilitoka jepesi. Hilo ndilo linaloniuma mpaka leo. Nilitegemea ulimi ungekwama, haukukwama.

Baba mkubwa alishusha pumzi. Mzee wa Kariakoo akatikisa kichwa kwa kuridhika. Na ami akageuza shingo.

"Katib?" alisema.

Nilisahau. Mtu niliyemwona siku mbili akiokota maneno ya lugha yake kwenye redio ya jirani, nilimsahau. Neno nililodanganyia lilikuwa la kwao.

"La, la. Katib, la." Alicheka kidogo, akanigusa mkono kwa upole, akidhani nimemsikia vibaya. Kisha aliwageukia wao mwenyewe ili anisaidie. "Askari," alisema, akishika bunduki ya hewani, akisimama wima kwenye mlango wa hewani. "Askari." Na kwa sauti kubwa zaidi, kama anaongea na kiziwi: "Abidi. Abidi wa sultani."

Askari kila mtu alilielewa. Abidi walilielewa wale wawili, kwa kuwa limekaa katika nyumba zao miaka yote, likitumika chini kwa chini. Mzee wa karibu na dirisha aliondoa mkono wake kwenye haluwa. Nilisikia sinia la mdogo wangu likigusa ukuta.

Ami alitutazama mmoja mmoja, tabasamu likimwisha taratibu, akitafuta alipokosea.

"Mwalimu," baba mkubwa alisema. Sauti yake ilikuwa ya mtu mwingine. "Tafsiri sawasawa."

"Baba mkubwa..."

"Nimesema tafsiri. Yote. Kama alivyosema."

Nikatafsiri. Nilisema babu yetu alikuwa mtumwa wa sultani aliyezaliwa kasrini, na baba yake vivyo hivyo, na kwamba jina letu ni la bwana wao. Nilisema mama yake alitekwa mtoto kutoka pwani hii. Nilisema pia kwamba mara ya kwanza nilidanganya. Hilo nililiongeza mwenyewe.

Wazee wa Kariakoo waliondoka baada ya muda mfupi. Hawakutukana. "Tumesikia," mmoja alisema mlangoni, akaaga kwa adabu zote, na tangu siku hiyo hawajamwalika baba mkubwa kwenye shughuli yoyote. Mshenga alibaki kwenye kiti chake cha plastiki. Aliniomba nimuulize ami, yule bibi alitoka Mrima sehemu gani. Ami akasema hajui.

"Mrima ni mrefu," mshenga alisema baada ya kufikiri. "Unakuja mpaka kwetu Rufiji." Alisimama, akampa ami mkono, akampa baba mkubwa mkono. Baba mkubwa aliupokea, akaingia chumbani kwake, akafunga mlango.

Kwangu, ami aliniuliza kabla hajakaa. "Kwa nini ulisema katib?"

Nilimweleza yote: posa ya zamani, posa ya sasa, kufu, mlango wa nyuma. Alinisikiliza akiwa amesimama. Nilipomaliza alisema, "Nimevuka bahari nikidhani nakwenda kwa watu wangu, kumbe nimewaletea aibu." Akaenda kulala bila kula. Nilimwita kwa chakula mara mbili, hakuitika. Nimewahi kukosea wanafunzi, nimewahi kumkosea marehemu mume wangu, lakini sijawahi kulia kwa kosa kama nilivyolia kwa lile.

Asubuhi nilimpeleka makaburini pamoja na mdogo wangu. Kaburi la babu limebanwa katikati ya mengine, na jiwe lake limeinama. Ami alichuchumaa, akafuta vumbi kwa kilemba chake, akaanza kusoma. Tulikuwa kwenye aya za mwisho nilipoona mtu amesimama mbali kidogo, karibu na ukuta. Baba mkubwa. Hakuwa na kanzu mpya, alivaa shati la nyumbani. Alisubiri mpaka tumeitikia amin, akasogea, akachuchumaa upande wa pili wa kaburi.

"Mwambie," aliniambia, "nilimpokea vibaya."

Nilitafsiri. Ami alinyoosha mkono juu ya kaburi, baba mkubwa akaushika, na safari hii hakuuachia. Walibaki hivyo, wazee wawili, mpaka magoti yakawauma na ikabidi tuwainue.

Ningependa kusema baada ya hapo mambo yalikuwa mazuri. Baba mkubwa hakuniongelesha karibu miezi mitatu. Nadhani alinisamehe ukweli, uongo ndio uliomshinda, kwa sababu aliuomba yeye. Ami alirudi kwao wiki ile ile, akaniachia dumu la asali. Mshenga alikuja mara ya tatu. Baba mkubwa hakuzungumza habari ya kufu. Alisema tu, "Mwulizeni mwenyewe," na mwenyewe alikuwa ameshasimama mlangoni kabla hajaitwa. Siku ya ndoa, pale Manzese, hakuweza kulitamka neno la kuozesha. Alimpa imamu wa mtaa idhini aozeshe kwa niaba yake. Alikaa nyuma kabisa ya jamvi na akaondoka kabla ya pilau. Mdogo wangu aliumia kwa hilo, na ana haki. Lakini alipojifungua, baba mkubwa ndiye aliyekuwa wa kwanza hospitali, amesimama nje ya wodi tangu alfajiri, anawauliza wauguzi maswali yasiyo na kichwa wala miguu.

Mwaka huu, siku moja baada ya adhuhuri, alinipigia simu. Tulisalimiana, tukaulizana afya. Nilimsikia anazunguka.

"Yule ndugu yetu unaongea naye bado?"

"Ndiyo, baba mkubwa."

"Muulize, yule bibi yao wa Mrima aliitwa nani. Huyu mjukuu wangu tumemwita jina la upande wa baba yake. Wa pili akija, nikasema labda..."

Niliyaandika maneno yake kwa Kiarabu, vilevile alivyoyasema, nikayatuma Seiyun. Jibu lilikuja kesho yake. Ami alisema kule kasrini bibi aliitwa kwa jina alilopewa siku aliyonunuliwa, na alilitaja. Jina alilokuja nalo kutoka huku hakuna aliyelishika, wala wanawe.

Nilimpelekea baba mkubwa majibu mwenyewe, sikutaka ayasikie kwenye simu. Alinisikiliza hadi mwisho. Akaniomba nirudie sehemu ile ya pili.

"Wala wanawe," nikarudia.

"Basi jina lile la kule hatulitaki," alisema, akaenda kutawadha.